Mlango Uliomng'ata Shangazi

Ganjoni, Mombasa
11 Rajabu 1367, sawa na 20 Mei 1948

Kwa mzazi wangu mwema, Baba Sheikhan bin Badawi, Tanga.

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Baba yangu mpenzi, kabla ya yote nakubusu mikono, wa kulia halafu wa kushoto, na namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute umekaa barazani, umeshiba, kahawa iko mbele yako, na kile kikohozi cha masika kimekuachia. Mama naye magoti yake yakoje? Mwambie asipande ngazi ya dari kwa ajili ya kuanika nguo. Uani pana jua la kutosha. Nasi huku, mimi na mume wangu Faraj, tu wazima wa afya. Tunakula, tunalala, tunacheka, na raha yetu ingalikuwa kamili lau barua yako haingalifika Jumanne.

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika, unisamehe. Mara ya tatu nilimsomea Faraj, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda kuosha mikono, nami naijua mikono ile, ilikuwa safi. Mara ya nne nikatafuta kalamu.

Umesema gari letu ama lina jini ama lina fundi asiyejua kazi, na kwamba lolote kati ya hayo mawili si makazi ya mwanao. Umeniamuru nirudi Kibokoni nyumbani kwa Shangazi Mwanakuu kabla Rajabu haijaisha, na umemtaka Faraj aandike talaka kwa kuwa uzembe wake ulitaka kumuua dada yako. Jibu langu nalitanguliza, usije ukasoma kurasa zote hizi roho iko juu: sirudi, Baba. Nakupenda, na radhi yako naitaka kuliko dhahabu uliyonivisha, lakini sirudi, na talaka haitaandikwa. Sasa nipe masikio yako, kwa maana mambo uliyoandikiwa yamekatwa vipande, na vipande vingine nilivificha mimi.

Kwanza nikueleze hilo gari, maana naona Shangazi amekupa sura ya mkokoteni wa taka. Ni nyumba, Baba. Ni nyumba iliyopanda juu ya matairi. Afisa mmoja wa jeshi alikuwa akiishi humo wakati wa vita, akikokotwa na lori kutoka kambi hadi kambi, na vita vilipokwisha likapigwa mnada pamoja na malori mabovu, Mzee Abdulghafur, tajiri wa Faraj, akalinunua. Sasa limesimama katika uwanja wake hapa Ganjoni, nyuma ya karakana ambayo Faraj ndiye fundi wake mkuu wa stima. Urefu wake ni hatua zangu saba na upana wake hatua tatu. Nje ni bati tupu lililopakwa rangi ya maziwa, ndani ni mbao, na chini nimetandika ule mkeka wa rangi alionisukia Mama. Kitanda hukunjwa ukutani asubuhi. Viunzi vya madirisha Faraj amevipaka rangi ya samawati, na alipomaliza akaniuliza kama naijua rangi ile. Nikasema siijui. Akafungua sanduku akatoa leso yangu ya harusi, akaiweka kando ya kiunzi: rangi ni hiyo hiyo. Alizunguka maduka ya Makadara siku mbili na uzi mmoja wa leso ile mfukoni. Baba, ni nani mwingine Mombasa nzima aliyefanyiwa hivyo?

Najua kilichowauma watu. Kwetu mwanamume huoa akahamia kwa wakwe, na Shangazi alikuwa ametutengea chumba cha ghorofani, akakipaka chokaa. Nilikaa humo siku zangu saba za fungate, na namshukuru. Lakini ni chumba ambacho mtu akipiga chafya, Kibokoni nzima humwombea rehema. Siku ya nane Faraj alisema kwamba kazi yake inamtaka alale karibu na mashine za Mzee Abdulghafur, na kwamba ana makazi yake mwenyewe ingawa ni ya ajabu, na kama sitaki atakwenda na kurudi kila siku wala hatanilaumu. Nilikuwa nimeshavaa buibui kabla hajamaliza kusema. Mejumaa, binti wa Shangazi, alinicheka siku ile akasema mimi nitakuwa mwari wa kwanza wa Mji wa Kale kukokotwa na mumewe kwa kamba. Nikamwambia kamba yenyewe ikiwa ni yake, nakokoteka.

Sasa nije kwenye Ijumaa ile, tarehe saba Mei.

Shangazi na Mejumaa walikuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na uwanja ulikuwa matope matupu. Shangazi alileta sinia ya vileja, akakaa juu ya kitanda nilichomkunjulia, akaligusagusa godoro, akafungua kabati moja moja, akasema kijumba hiki kinafaa kufugia njiwa. Alikuwa akitabasamu, lakini. Nadhani angekipenda. Faraj hakuwepo, baada ya sala ya Ijumaa alikuwa amekwenda Makupa kutengeneza lori la tajiri wake lililozima njiani.

Ilipoingia laasiri Shangazi alitaka kutawadha. Mfereji wetu uko nje, hatua kumi kutoka mlangoni. Faraj alikuwa ameniusia tangu siku ya kwanza kwamba watu wakiwa wanaingia na kutoka na maji, nizime swichi kubwa iliyo kando ya mlango, stima yote ya gari ikatike. Niliizima, Baba. Naapa kwa aliyeniumba niliizima kwa kidole changu hiki, na taa ikafa mbele ya macho yetu sote watatu. Kisha nikampa Shangazi mitawanda yangu, vile viatu vya ubao wa msandarusi alivyonichongeshea Faraj, ili asikanyage matope baada ya udhu. Akaikataa. Akasema mitawanda ambayo bwana harusi amempa mkewe haivaliwi na mguu mwingine kabla ya mwaka kwisha, ni nuksi. Basi viatu vyake akaviacha mlangoni visiingie matope, akaenda miguu mitupu, akatawadha, akarudi vivyo hivyo, maji yakimdondoka viwikoni, akashika kitasa cha mlango uliokuwa wazi.

Alichokipiga hakikuwa kelele. Ilikuwa sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Mkono ukaganda kwenye kitasa, mwili mzima ukawa unatetemeka, macho yamemtoka, hawezi kuachia. Mejumaa alitaka kumrukia amkumbatie. Nikamsukuma akaangukia kitandani. Faraj alikuwa amenisimulia jinsi alivyoona vitani watu wawili wakifa kwa sababu wa pili alimshika wa kwanza. Nilikuwa ndiyo kwanza naivaa tena mitawanda, mmoja mguuni na mmoja mkononi. Nikaunyanyua ule wa mkononi nikampiga nao Shangazi mkononi kwa nguvu zangu zote, mara mbili, na mara ya pili kitasa kikamwachia akaanguka chini matopeni.

Kwa hivyo aliyokuandikia ni kweli. Nimempiga dada yako kwa kiatu cha ubao. Na ikibidi nitampiga tena, Baba, nampenda mno.

Aliungua kiganja, akateguka bega, na ulimi aliung'ata, ingawa alipopata fahamu ulimi ulikuwa wa kwanza kupona. Palepale alisema mlango una jini. Alisema swichi imezimwa, taa imekufa, yeye ana udhu, sasa kilichomshika kama si jini ni nini? Mejumaa akamrudisha Kibokoni. Faraj aliporudi na kuona mlango, mfereji na uso wangu, aliweka chini mfuko wake wa vyombo. Alienda moja kwa moja nyuma ya gari, akainama, akakaa huko kitambo. Aliporudi alipanda nami hadi Kibokoni, na mbele ya Shangazi na wazee wa mtaa waliojaa ukumbini akasema maneno yaliyokufikia: kwamba hapana jini, kwamba kosa ni lake na asitafutwe mwingine. Walimtukana, Baba. Mzee mmoja alimwambia angefaa zaidi kuuza mkaa, kwani mkaa huonekana unapowaka. Alikaa akatazama vidole vya miguu yake akaitikia kila neno.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa nini? Hakuna aliyemuuliza, nami nilisoma ili niulize. Siku ya pili tulikaa chini pamoja na kijitabu cha Kiingereza kilichokuwa kwenye droo ya gari tangu enzi za yule afisa. Faraj anajua stima kwa mikono, Kiingereza cha vitabu hakijui. Mimi najua Kiingereza, stima siijui. Mimi nilisoma, yeye akafasiri kwa waya na koleo, vichwa vyetu vimegusana juu ya ukurasa mmoja. Unisamehe kwa kukuandikia haya, wewe ni baba yangu, lakini sijapata kuwa na furaha kama ile katika siku ya huzuni kama ile.

Sikiliza nilichojifunza. Stima huenda kwa waya mbili, moja huleta na moja hurudisha, na ile inayoleta ndiyo yenye makali. Swichi yetu, kama zilivyo swichi nyingi za majumbani, ilikuwa ikikata waya moja tu. Katika nyumba ya mawe si neno, kwa sababu waya zimefungwa ukutani na fundi anajua ipi ni ipi, na haziondoki. Lakini gari hupata stima kwa plagi, na plagi yetu ilikuwa na meno mawili yaliyo sawa; huingia hivi, na ukiigeuza huingia vile. Ikiingia vizuri, swichi hukata waya yenye makali na gari zima hufa. Ikiingia kinyume, swichi hukata ile nyingine. Taa inazimika, unaona giza, moyo unatulia, kumbe waya yenye makali inazunguka kuta zote kama kawaida. Na karibu na mlango, ndani ya ukuta, miaka ya kutikiswa barabarani ilikuwa imelila lile ganda la mpira la waya hiyo hadi shaba ikagusa bati. Ijumaa ile plagi ilikuwa imeingia kinyume. Kila kipande cha bati cha nyumba yangu kilikuwa hai, na swichi ikitwambia kimekufa.

Na mbona yule afisa hakuuawa? Faraj alicheka nilipouliza, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alisema yule alipanda na kushuka na buti za mpira, na mpaka kitandani labda alilala nazo. Aliyeliunda gari hili hakuwaza watu wanaovua viatu mlangoni, wanaotoka mferejini mara tano kwa siku maji yakiwadondoka. Hakutuwaza sisi. Basi Baba, ukitaka kujua kwa nini sirudi, sababu moja ni hiyo: sitaki kuambiwa kwamba miguu yetu mitupu na udhu wetu ndio usiofaa kwa nyumba hii. Nyumba ndiyo iliyokuwa haifai, na nyumba hutengenezwa.

Tumeitengeneza. Faraj alipata swichi ya meli kuukuu kwa muuza vyuma wa Makadara, nzito kama jiwe la kusagia, inayokata waya zote mbili kwa pigo moja. Hata ukigeuza plagi mara mia, ukizima umezima. Plagi nayo tumebadilisha, sasa ina meno matatu na huingia kwa njia moja tu. Waya iliyolika tumeitoa yote. Na ile swichi, Baba, niliifunga mimi. Faraj alikata stima kutoka karakana, akanipa bisibisi, akakaa juu ya ndoo akinitazama. Nilipokaza parafujo ya mwisho aliniambia kazi ile haitambui mwanamke wala mwanamume, inatambua iliyokazwa na isiyokazwa, kisha akaikagua akakuta moja imelegea, akanirudisha.

Sasa nitakuambia jambo ambalo leo halijui mtu ila mimi, Faraj na Mungu. Faraj hajui kwamba naliandika, na akijua atanikasirikia kwa mara ya kwanza.

Kosa si lake. Ni langu.

Nyuma ya gari, karibu na ngazi, palikuwa na chuma kirefu kilichopigiliwa ardhini, na waya nene iliyotoka kwenye bati la gari ikafungwa juu yake. Kazi yake ni kuichukua stima iliyopotea njia na kuizika ardhini kabla haijapita katika mwili wa mtu. Mimi sikujua. Nilichoona ni chuma chenye kutu mahali ambapo nilitaka asumini, ili Faraj akirudi jioni harufu impokee mlangoni kabla yangu. Jumanne ya juma lile nilifungua ile waya, ardhi ilikuwa laini kwa mvua, nikakitikisa chuma mpaka kikang'oka. Nikapanda mche niliopewa na Mejumaa. Chuma nilikiweka chini ya gari, nikafunika kwa gunia, nikajiona nimepamba nyumba.

Na ile Ijumaa asubuhi, ngurumo zilipozidi, niliogopa radi nikachomoa plagi. Mvua ilipopungua nikairudisha. Faraj alikuwa ameitia alama ya rangi nyekundu upande wa kuwa juu, lakini ilikuwa imejaa matope, sikuitazama. Mchana kutwa nilipanda na kushuka na mitawanda yangu, ubao mkavu, sikuhisi kitu, na wageni niliwafungulia mlango mwenyewe, miguu yao ingali na viatu. Zawadi ya mume wangu ilinilinda mimi, na nuksi ya Shangazi ilimwacha miguu mitupu.

Faraj alipoinama nyuma ya gari siku ile, aliona mche wa asumini pale pale pa chuma, akaelewa kila kitu. Usiku ule nililia nikamwambia nitakwenda kusema Kibokoni. Akanikataza. Neno lake nalikumbuka kama lilivyo: "Mimi ndiye fundi. Nikiacha uhai wa watu ushikwe na chuma ambacho sikumweleza mke wangu, na plagi inayotaka mtu akumbuke rangi, basi kosa ni langu, wewe umepanda ua tu."

Ni maneno mazuri, na nusu yake ni kweli. Lakini mimi nilikaa pembeni mwa ukumbi ule, nimejifunika buibui, nikamsikia akiambiwa akauze mkaa, nikanyamaza. Siku kumi na tatu nimenyamaza. Ningeendelea, pengine, lau barua yako haingetaka talaka. Wewe ulinipeleka Unguja kwa mjomba nikasome mpaka darasa za juu, watu wakakwambia mtoto wa kike akijua kuandika ataandika barua zisizofaa. Hii ndiyo mojawapo. Kama pana mtu wa kuadhibiwa, ni mwanao. Na kama ni kumwachisha mtu mumewe kwa sababu mumewe alimsitiri, sijui kadhi gani atakayekuandikia.

Kesho Ijumaa baada ya sala nakwenda Kibokoni. Nitamwambia Shangazi haya haya, mbele ya wazee wale wale, na mitawanda yangu nitakwenda nayo, akitaka kulipiza nimempa ruhusa.

Umesema nisiporudi utakuja mwenyewe na wazee wawili. Njoo, Baba. Njoo na Mama pia. Chuma kimerudi ardhini, kirefu kuliko kile cha kwanza, na asumini Faraj hakuitupa, ameihamishia upande wa pili wa ngazi, imeshika. Jana nilisimama matopeni miguu mitupu, mikono imelowa, nikashika kitasa nikahesabu mpaka mia, swichi ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa. Faraj alikuwa ameshapima kwa globu yake ya majaribio mara tano, na bado uso wake ulikuwa umekauka kuliko mikono yangu. Nawe ukifika usiingie ndani kwanza. Vua viatu, nenda mferejini, tawadha vizuri, uje vivyo hivyo ukidondoka maji, ushike mlango wangu. Ukikung'ata, nitafunga sanduku nirudi nawe Tanga siku ile ile. Usipokung'ata, utaingia, utaswali juu ya mkeka wa Mama, na utakula kwa mkwe wako.

Nisalimie Mama sana, na wadogo zangu kila mmoja kwa jina lake, na majirani wanaoniuliza. Mzee Abdulghafur anakusalimu, anasema uwanja wake una nafasi ya wageni wawili na wazee wao. Faraj anakusalimu pia, ingawa anadhani nakuandikia habari za mvua. Nakuomba radhi kwa kila neno lililozidi ukali, na siliondoi hata moja.

Wako mtiifu katika yote isipokuwa hili,

Badria binti Sheikhan,
mke wa Faraj, leo na hata Rajabu ikiisha